Nasikiliza Spectrum ya Billy Cobham lakini sielewi kitu: nishike wapi?

"Papa, jambo. Niko kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, napigaka gitare solo ku kanisa. Kaka yangu mukubwa alinitumia album moja ya zamani, Spectrum ya Billy Cobham, akaniambia kama nataka kukomaa nisikilize ile. Papa, nimeisikiliza siku mingi na sijue nasikiliza nini. Hakuna mwimbaji. Wimbo ya kwanza inakimbia tu, kila mutu kama anapiga yake. Ile Stratus inaanza na makelele dakika tatu nzima. Banasema album ni ya mupiga batri, zile ngoma za bendi, lakini miye nasikia paka gitare mbele, na kuko nyimbo mbili hata ile gitare inapotea. Bajirani banasema ile ni muziki ya bazungu basomi, si ya bantu kama siye. Ni masikio yangu njo haifai, ao? Nasikilizaka ku telefone, usiku natia ekutere ku masikio nafungua mpaka mwisho juu nisikie muzuri, na juzi nilipotoa, masikio ilibaki inalia piiii mpaka asubui. Niendelee ao niache? Na naweza kupiga bile bintu ku kanisa?"

Mwanangu, jambo sana. Umeuliza mambo mengi kwa pumzi moja na yote nitayagusa, lakini naanza na lile uliloweka karibu na mwisho kama kitu kidogo, maana kwangu ndilo la haraka: huo mlio wa piiii.

Ndani kabisa ya sikio kuko chembe zenye vinywele vidogo sana, kazi yao ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupeleka ku ubongo. Ukizipiga na sauti kali kwa muda mrefu zinachoka, na wewe unabaki unasikia mlio ambao inje haupo. Mara nyingi zikipumzika mlio unakwisha, kesho yake kijana anasahau, anarudilia. Shida ni kwamba zile zinazokufa hazioti tena, hakuna dawa ya kuzirudisha, na zinakufa pole pole bila maumivu mpaka siku unagundua simbali za batri huzisikii tena kama zamani. OMS, Shirika la Afya Duniani, inasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 (kipimo cha ukali wa sauti) masaa 40 kwa juma, lakini kila ukiongeza desibeli 3 unakata muda nusu, kwa hiyo ukifika 92 umebaki na masaa mawili na nusu kwa juma nzima, ukifika 101 ni kama dakika 19 tu. Ekutere iliyofunguliwa mpaka mwisho inaweza kufika huko bila shida. Basi sauti ya telefone isipite asilimia 60. Na kama jenereta ya jirani ao bar ya pembeni ndiyo inakufanya uongeze, tafuta saa nyingine ao ekutere zinazoziba sikio vizuri, usishindane na jenereta.

Kama mlio ulikwisha asubuhi na haujarudi, pumzisha masikio siku mbili tatu na ushike hiyo sheria. Lakini ukiendelea zaidi ya siku chache, ao sikio moja linasikia kidogo kuliko lingine, ao unaona kizunguzungu, usiniandikie mimi, nenda ku hospitali ya Sendwe ao ku Kliniki za Universite uulize daktari wa masikio, ORL, akupime. Na kama siku moja unaamka sikio moja limefunga ghafla, hiyo si ya kungojea juma iishe, nenda siku ileile, kuko matibabu lakini yanasaidia yakiwahiwa. Usitie mafuta, usitie maji ya majani, usichokonoe na kijiti.

Haya, sasa muziki.

Ukitoa yote mengine, swali lako ni moja: nishike wapi? Unaingia ndani ya wimbo na mikono haina pa kushika. Masikio yako hayana ubaya wowote, mtu anayepiga solo ku kanisa kila Jumapili akifuata mwimbaji anayebadilisha tonalite bila kuonya ana masikio mazuri kuliko anavyojua. Ni kwamba umeshika mtu asiye wa kushikwa, na yule wa kushika, telefone yako imemuondoa.

Nianze na telefone. Kamba ya chini kabisa ya gitare besi inatikisika karibu mara 41 kwa sekunde. Kale kabafle ka telefone, spika yake, ni kadogo, hakawezi kusukuma hewa ya kutosha kwa mwendo wa pole hivyo, kenyewe kanaanza kusema vizuri huko juu, kwa mamia ya mitikisiko. Kwa hiyo kila mara uliicheza album bila ekutere ulikuwa unasikiliza bendi ya watu wanne mmoja akiwa ametolewa. Ubongo unajitahidi kumjaza aliyekosekana, unakisia, lakini ku muziki usiyoijua bado unakisia vibaya. Na kama kaka yako alikutumia kwa WhatsApp, kuna uwezekano faili ilibanwa sana ili iwe nyepesi, na kitu cha kwanza kuharibika hapo ni simbali, zinageuka shshsh moja tu, wakati ku album hii simbali ni nusu ya mazungumzo. Mwombe akuwekee faili nzito ku kle USB. Halafu, siku ya mazoezi ya korali, watu wakishatoka, omba ruhusa uipige ku bafle za kanisa, kwa sauti ya kawaida kabisa, ukikaa katikati. Naamini hiyo saa moja itakufundisha kuliko usiku zote za ekutere.

Sasa hiyo ya "album ni ya mupiga batri lakini nasikia paka gitare". Kuko sababu mbili na moja itakushangaza. Ya kwanza ni ya sauti yenyewe. Gitare ya umeme ikipitishwa ku distoshoni inajaa sauti kali za juu na inadumu, haizimiki haraka, na sikio la mwanadamu ni kali zaidi pale kati ya mitikisiko 2000 na 5000 hivi kwa sekunde, ndipo mtoto analilia pia. Pigo la ngoma ni fupi, linakuja linaondoka. Ukiweka vyote viwili ku kabafle kadogo, gitare itakukalia mbele hata kama mwenye kuongoza ni mwingine.

Ya pili: sehemu kubwa ya hiyo "gitare" unayoisikia si gitare. Ni sinte, kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti. Jan Hammer, jamaa wa Prague, anapiga sinte inayoitwa Minimoog, na mkono mmoja anazungusha kile kigurudumu cha kupinda sauti, anapinda noti kama mtu anavyovuta kamba, na anapitisha sauti yake karibu kabisa na ya Tommy Bolin mwenye gitare. Ku Quadrant 4, ule wimbo wa kwanza uliokukimbia, hao wawili wanapokezana mpaka mtu mzima anachanganyikiwa, kwa hiyo usijilaumu. Namna ya kuwatofautisha: Minimoog inatoa noti moja tu kwa wakati, haiwezi kupiga mbili pamoja, na noti yake inaanza laini, imeteleza. Gitare ina ule mkwaruzo mdogo wa plektra, kile kipande cha kupigia kamba, mwanzoni, na mara moja moja kamba mbili zinalia pamoja. Wewe ni mtu wa gitare, mkwaruzo huo unaujua ku vidole vyako. Ukishaanza kuwatenganisha, ile "kila mtu anapiga yake" inapungua nusu, maana utasikia mmoja anauliza na mwingine anajibu.

Lakini jambo kubwa zaidi, lile ningependa ubaki nalo hata kama mengine yatatoka, ni nani anasimama na nani anatembea.

Wewe ulilelewa na sebene, ile sehemu ya kucheza ya nyimbo zetu. Ku sebene, akompa, gitare ya kusindikiza, anazungusha kitu kimoja, misolo, gitare ya katikati, anazungusha chake juu yake, na batri inatikisa mwendo uleule bila kuchoka, ile kavasha ambayo Meridjo Belobi wa Zaïko Langa Langa aliifanya ijulikane miaka ya 1970 na mpaka leo kila mupiga batri wa Kongo anaijua. Besi yetu ndiyo inaruka, inaacha mapengo, inarudi pale hukutegemea. Solo inapaa juu. Kwa hiyo mwili wako ulijifunza bila mwalimu: nikipotea naegemea batri na zile gitare za kuzunguka. Na uko sawa, ku muziki yetu ni hivyo.

Ku Spectrum kazi zimebadilishana mikono. Mwenye kusimama ni besi. Mwenye kutembea ni batri. Cobham hashiki mwendo ili wengine wacheze juu yake, yeye mwenyewe anacheza na mupiga solo, anamsukuma, anamjibu, anajaza pale mwenzake amepumua, kama wamama wawili wanaotwanga ku kinu kimoja, mmoja akipandisha mchi mwingine anashusha, na hawagongani. Sasa wewe ulipopotea ukafanya kile mwili unajua, ukaegemea batri, na batri yenyewe iko inatembea. Lazima uanguke.

Basi shika besi. Hapo mwanzo ni Leland Sklar, mtu aliyezoea kusindikiza waimbaji, alikuwa anampigia James Taylor, na hiyo inasikika: hana haraka ya kujionyesha. Twende ku Stratus, maana ndiyo shule nzuri kuliko zote. Hizo dakika tatu za mwanzo ulizoita makelele hazina mwendo wa kuhesabu, ni sauti za umeme na Cobham anapiga bila kufungwa na taimu, anatayarisha hewa. Kwa sasa ziruke, si dhambi, utazirudilia ukishajua zinaelekea wapi. Anza pale besi inaingia. Usisikilize gitare kabisa. Imba hiyo besi na mdomo wako, chini chini, irudie mpaka uiimbe bila kufikiri, halafu ongeza makofi ku pigo la mbili na la nne. Sklar anairudilia karibu hivyohivyo toka anaingia mpaka wimbo unakwisha, dakika nenda dakika rudi, na ukiishika utaona kitu: wale watatu wengine wanaweza kwenda wanakotaka na wewe hupotei. Cobham akifungua ngoma zote mvua nzima ya mapigo, imba besi. Bolin akipeleka gitare yake ku ile mashine ya eko ya utepe, Echoplex, sauti inajirudia na kujipinda mpaka hujui ni chombo gani, imba besi. Wakirudi wote pamoja utakuwa unawangojea pale pale.

Kama unataka ushahidi kwamba ile besi inatosha peke yake kubeba nyumba nzima, Massive Attack, kundi la Bristol huko Uingereza, walichukua kipande cha Stratus mwaka 1991 wakajenga juu yake wimbo Safe from Harm, na Shara Nelson anaimba. Usikilize pia, kwa sababu hapo una mwimbaji wa kukuongoza, sikio linapata pa kukaa, halafu ukirudi ku Stratus yenyewe utaisikia besi kama mtu unayemjua.

Mara ya pili, bado ku Stratus, acha besi iimbe yenyewe ndani yako na uhamie ku sharle, zile simbali mbili zinazofungana. Wapiga batri wengi wenye kutumia mkono wa kuume wanavuka mikono, wa kuume unapita juu ya wa kushoto kufikia sharle. Cobham havuki. Anapiga sharle na mkono wa kushoto, mikono imefunguka, na wa kuume unabaki huru kwenda ku keskler, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, ao kushuka ku ngoma kubwa za chini bila kugongana na mwenzake. Ndiyo maana unasikia sharle inaendelea tititi tititi na wakati huohuo kitu kingine kinatokea upande mwingine, unafikiri kuko watu wawili. Kuko mmoja. Hii kwa mtu wa gitare inaweza kuonekana haikuhusu, lakini inakuhusu sana, maana ukijua mkono gani uko huru unaanza kutambua mapema mahali atajaza, na hapo ndipo mupiga solo mwenye akili anaacha nafasi.

Gitare yenyewe isikilize ya tatu, si ya kwanza. Najua ndiyo chombo chako na mkono unawasha. Lakini ukimfuata Bolin kwanza utahesabu noti zake, utaona ni nyingi, utajaribu kuziiga ukiwa na telefone mbele yako ku kitanda, utachoka. Ukimfuata baada ya besi na sharle utaanza kusikia mahali ambapo hakupiga. Anashika noti moja anaivuta, anamwachia Cobham kipimo kizima cha muziki, halafu anaingia. Huko ndiko kukomaa, kama kaka yako alisema.

Kuhusu mupiga batri kuwa mwenye album. Watu wengi wanafikiri maana yake ni solo za ngoma toka mwanzo hadi mwisho, na wakikosa hizo wanaona wamedanganywa. Solo za batri ziko, fupi, Anxiety ni moja na ile Searching for the Right Door kabla ya wimbo wenye jina la album. Lakini uongozi wake uko kwingine: nyimbo aliziandika Cobham mwenyewe, yeye ndiye aliyechagua nani akae na nani, na ndani ya wimbo yeye ndiye anaamua lini bendi inapanda na lini inashuka. Jaribu hii: kila bendi inapobadilisha nguvu, jiulize nani alitangulia. Mara nyingi utasikia batri ilikuwa imeshasema sekunde mbili mbele, grosikesi, ngoma kubwa ya mguu, imeongezeka ao simbali imefunguka, halafu gitare na sinte zikafuata. Sisi tumezoea kiongozi awe mwimbaji ao mtu wa gitare kama Franco, kiongozi yuko mbele na micro. Huyu anaongoza akiwa nyuma.

Nyimbo mbili ambazo gitare "inapotea" ni Spectrum yenyewe na Le Lis. Ilipotea kwa sababu pale ni kundi lingine kabisa: Jimmy Owens ku tarumbeta, Joe Farrell ku saksofoni na filimbi, Ron Carter ku besi, Ray Barretto ku tumba (konga), Hammer anabaki ku piano. Bolin hayupo. Ku Le Lis kuko gitare, ya John Tropea, lakini ni ya upole, bila distoshoni, ndiyo maana haukuitambua. Hizo mbili ziache za mwisho, ni nzuri lakini zinataka sikio ambalo limeshatulia.

Sasa bajirani. Nitasema bila kuzunguka: wamekosea. Billy Cobham alizaliwa Panama mwaka 1944, mtu mweusi, akakulia New York, na kabla ya hii album alikuwa ameshapiga na Miles Davis na ku Mahavishnu Orchestra ya John McLaughlin. Ray Barretto, huyo wa tumba, wazazi wake walitoka Puerto Rico, na mwezi wa tisa 1974, mwaka mmoja tu baada ya Spectrum kutoka, alikuwa Kinshasa na Fania All-Stars ku ile tamasha kubwa ya Zaïre 74, anapiga mbele ya watu wetu waliozifahamu hizo tumba tangu wazazi wao. Mwaka huohuo Fania walitoa album ambayo Cobham na Hammer wanapiga pamoja na Manu Dibango wa Kamerun. Kwa hiyo hao watu na muziki yetu wamekula meza moja. Na hiyo ya "basomi" pia, Bolin hakuwa mtu wa jazz kabisa, alitoka ku rock, ku kundi la Zephyr, akaenda baadaye James Gang, halafu Deep Purple mwaka 1975. Alikufa Desemba 1976 akiwa na miaka 25. Cobham hakumchukua kwa sababu ya masomo, alimchukua kwa sababu ya ule moto. Album nzima ilirekodiwa kwa siku chache tu mwezi wa tano 1973, ku studio ya Electric Lady aliyoijenga Jimi Hendrix kule New York, na unaweza kusikia kwamba watu hawakupata muda wa kuipiga pasi.

Na sisi wa huku Katanga tusisahau, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, mtu mmoja na gitare moja kavu, kidole gumba kinashika chini wakati kingine kinaimba juu, na wazee wetu walisikia sauti zote mbili bila mtu kuwafundisha. Kusikiliza mistari kadhaa kwa wakati mmoja hatukuletewa na meli.

Kuendelea ao kuacha? Nikupe ukweli wangu. Kaka yako amesema vizuri lakini amesema kwa haraka. Hii album haitakufundisha akordi za nyimbo za korali, haitakufundisha kusoma noti, na kasi yake ukiiiga sasa itakuharibia mkono kabla ya kukusaidia. Itakufundisha kumsikiliza mupiga batri na kuacha nafasi. Kama hayo ndiyo unayotafuta, endelea, lakini badilisha mpangilio, usianze na Quadrant 4. Ile ni shafoli, mwendo wa tatu-tatu kama ngoma nyingi za mukini, lakini imewekwa kasi mno na grosikesi mbili zinakimbia chini, hata watu wazima inawapita. Anza na Red Baron, wa mwisho, ni wa pole, besi inajirudia wazi, gitare na sinte wanabadilishana bila kukimbizana. Kaa hapo mpaka uuimbe. Halafu Stratus vile nimekueleza. Halafu Taurian Matador, mfupi, wenye melodi ya kukatakata. Quadrant 4 uje baadaye, na utashangaa kwamba ile ile iliyokuwa vurugu imepangika.

Kama ukifanya hivyo na bado moyo haupendi, acha kwa amani, muziki si dawa ya kumeza kwa nguvu. Unaweza kujaribu Crosswinds ya Cobham huyohuyo, ya 1974, yenye gitare ya John Abercrombie, ni laini zaidi. Kama ukiona unataka moto zaidi, kuko Believe It ya Tony Williams, 1975, mupiga batri mwingine kiongozi na Allan Holdsworth ku gitare. Lakini usimalize mega zako za intaneti kupakua kumi kwa siku moja. Moja uliyoijua vizuri inatosha kwa muda mrefu.

Ya mwisho, kanisa. Zile kasi na ile distoshoni usizipeleke ku sifa na ibada, watu wamekuja kuimba na wewe kazi yako ni kuwasaidia waimbe, ukijaza kila pengo na noti unamnyang'anya mwimbaji pumzi yake. Kile unaweza kupeleka ni mazungumzo na batri. Ongea na mupiga batri wenu, na kama kuko mzee yeyote aliyepiga batri ku orkesta za hapa mjini mwombe aje siku moja, kwa sababu vitu vingine haviandikiki, lazima ukae nyuma ya zile ngoma uone mguu na mkono vinafanya nini, ukae pale mtu anapiga na wewe bila gitare mkononi. Halafu fanyeni hivi ku mazoezi: chagua fungu dogo la noti nne, ulizungushe bila kubadilisha hata kidogo, na yeye atembee anavyotaka, ajaze, atoke, arudi. Utahisi mkono unataka kumfuata, ukatae. Kisha mubadilishane, yeye asimame ku kavasha yake na wewe utembee, lakini kila akifungua simbali wewe nyamaza mpaka amalize. Kwa sauti ya chini, na muwaambie wa ku mixage, wale wa mitambo ya sauti, wasipandishe kitu, masikio yako bado yanapumzika. Na mupiga besi asiende nyumbani, hayo mazoezi bila yeye hayafanyiki.